Kuondoa mikwaruzo midogo kwenye sakafu ya mbao ngumu: anza na vanishi, usikimbilie msasa

Zima taa ya chumba, piga magoti, kisha laza tochi ya simu sakafuni ili mwanga wake utambae juu ya mbao. Mikwaruzo ambayo ukiwa umesimama huioni itajitokeza yote, myembamba na myeupe kama nyuzi za buibui. Sasa zungusha tochi polepole. Mwanga ukiikata mikwaruzo kwa upana, inang'aa. Ukipita kwa urefu wake, mingi inapotea kabisa. Tazama hapo kwa muda kabla hujashika kifaa chochote. Weupe unaouona, mara nyingi, si rangi ya mbao iliyochunika. Ni mwanga unaotawanyika kwenye vanishi iliyokatika, sawasawa na kioo cha saa kilichochakaa.

Mikwaruzo mingi ya sakafu ya mbao ngumu haijafika kwenye mbao. Imeishia kwenye vanishi, na vanishi yenyewe ni nyembamba mno: matabaka matatu yakishakauka, unene wake unakaribia karatasi moja ya kuandikia. Kwa hiyo kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani, lakini pia nafasi ya kukosea ni ndogo. Msasa ulioshikwa kwa hasira unaweza kuimaliza karatasi hiyo kwa dakika moja.

Nilijifunza hili kwa kuharibu. Mkwaruzo wangu wa kwanza ulikuwa na urefu wa kidole, ulioachwa na mguu wa kiti. Nikachukua msasa mkali wa namba 80, nikasugua kwa mzunguko, na kufumba na kufumbua nikawa na doa lililopauka lenye ukubwa wa sahani. Nikalipaka vanishi, likang'aa kuliko sakafu nzima. Kila jioni jua lilipoingia dirishani, doa lile lilionekana tangu mlangoni, ilhali mkwaruzo wenyewe hakuna mgeni aliyewahi kuuona. Tangu siku hiyo naanza na njia nyepesi kuliko zote, wala sipandi ngazi inayofuata mpaka ile ya chini ishindwe. Mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu huo.

Jua unakanyaga nini

Sakafu zinazoitwa za mbao ni za aina tatu, na zinaachana sana zinapokwaruzwa. Nenda palipo na ukingo ulio wazi: kwenye kizingiti cha mlango, au palipokatwa ili bomba lipite.

Ukiona ubao mmoja mnene, nyuzi zake zikitoka juu hadi chini bila kukatika, hiyo ni mbao kamili. Kwa kawaida ina unene wa milimita 18 hadi 20 na inastahimili kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake. Ukiona matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, hiyo ni mbao ya tabaka: juu kuna mbao ngumu ya kweli, lakini unene wake unaweza kuwa milimita 6 au ukawa chini ya milimita 1. Ile nyembamba haitaki msasa wa mashine hata kidogo. Aina ya tatu ni lamineti, ambayo si mbao ngumu kabisa. Ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa utomvu mgumu. Utaitambua kwa kutafuta kifundo chenye umbo fulani kisha kukikuta kifundo kilekile, na mistari yake ileile, kwenye ubao mwingine. Lamineti haipigwi msasa wala haipakwi vanishi. Tiba yake ni nta ya kujazia yenye rangi, na nimeieleza huko mbele.

Baada ya mbao, tambua kilichopakwa juu yake. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Chagua pembe iliyojificha, kwa mfano ndani ya kabati au chini ya kochi, uanze na majaribio ya upole.

Dondosha tone la maji na usubiri kama dakika 10. Maji yakizama na mbao ikawa nyeusi, vanishi imekwisha au sakafu ni ya mafuta yaliyochakaa. Yakiacha alama nyeupe, yawezekana kuna nta. Yakibaki tone la duara juu juu, kuna tabaka gumu la vanishi. Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini na usugue mahali padogo. Kitambaa kikitoka na utelezi wa njano au kahawia, hiyo ni nta.

Kama si nta, weka tone la spiriti. Baada ya dakika moja gusa kwa kidole: ikinata, umekutana na shelaki, vanishi ya kizamani inayopatikana kwenye nyumba zenye umri mkubwa. Isiponata, jaribu tone la thina. Ikilainika na kunata, ni laka, vanishi nyingine inayoyeyuka kwa thina. Isipobadilika kwa lolote, basi ni poliuretani, yaani vanishi ngumu ya jamii ya plastiki, au vanishi iliyopakwa kiwandani, na sakafu nyingi za siku hizi ni za kundi hili. Futa kila tone mara tu jaribio linapokwisha.

Sakafu ya mafuta huitambui kwa macho tu. Pitisha kiganja: chini ya ngozi utasikia nyuzi za mbao zenyewe, vijibonde na vijinundu vyake. Kwenye poliuretani utasikia utelezi mmoja, kama juu ya meza ya plastiki.

Pima kina kwa ukucha

Pitisha ukucha kukatisha mkwaruzo, bila kukandamiza. Ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni wa vanishi peke yake. Ukikwama kidogo, huenda umegusa mbao. Ukitumbukia, hilo ni chimbo, wala si mkwaruzo mdogo tena.

Kipimo cha pili ninakiamini zaidi. Chovya pamba ya masikio kwenye tapentaini, kisha ipitishe juu ya mkwaruzo. Ikiwa mstari mweupe unatoweka wakati umelowa na kurudi ukikauka, jeraha liko kwenye vanishi, na ulichokiona wakati wa unyevu ndicho utakachokipata, takriban, ukishapaka vanishi mpya. Ukibaki mstari uliopauka hata ukiwa umelowa, rangi ya mbao imekatwa na itabidi kuirudisha. Ukibaki mstari mweusi, uchafu umeingia ndani. Usipoutoa kwanza, utaufungia humo kwa miaka.

Safisha kabla hujatibu

Nimeitwa zaidi ya mara moja kutazama "mikwaruzo" iliyokuwa alama za soli za mpira. Hizo hutoka kwa kifutio cheupe cha penseli, au kwa kitambaa chenye tone moja la tapentaini. Jaribu hilo kwanza. Inapendeza kumaliza kazi kabla haijaanza.

Kisha fagia kwa ufagio laini au tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi, ukirudia mara mbili. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko vanishi ya kawaida ya sakafu. Ukisugua kitambaa juu ya chembe moja tu, utakuwa unachora mikwaruzo mipya huku ukihangaikia ya zamani. Baada ya hapo futa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki, chenye sabuni kidogo isiyo kali, halafu pitisha kikavu mara moja. Uchafu uliomo ndani ya mkwaruzo utoe kwa mswaki laini wa zamani, ukifuata urefu wa nyuzi. Acha pakauke vizuri, saa kadhaa kama hali ya hewa ina unyevu.

Epuka polishi za kupuliza zenye silikoni. Zinang'arisha kwa siku chache, lakini silikoni hubaki, na siku utakayopaka vanishi itakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke nta kwenye sakafu ya poliuretani unayokusudia kuipaka upya.

Mkwaruzo wa vanishi kwenye poliuretani

Poliuretani ina tabia moja ambayo ni lazima uielewe: ikishakauka, haiyeyuki tena. Vanishi mpya haiungani na ile ya zamani kuwa kitu kimoja, bali inakaa juu yake na kushikilia kwenye vijikwaruzo ulivyovitengeneza kwa msasa. Hii ndiyo sababu kiraka cha katikati ya chumba huonekana daima: kina kingo. Kwa hiyo lengo ni kujaza mfereji wa mkwaruzo tu, bila kuipaka sakafu inayouzunguka.

Utahitaji vanishi ya aina ileile na mng'ao uleule, brashi nyembamba ya mchoraji, kipande cha msasa namba 320, na fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi hata haiachi nyuzi. Mng'ao una uzito kama rangi. Sakafu isiyong'aa ikipata mstari unaong'aa, jicho litakwenda hapo moja kwa moja.

1. Koroga vanishi taratibu kwa kijiti mpaka chini kabisa ya kopo. Usiitikise, kutikisa huleta mapovu. Ile isiyong'aa ina unga wa kuua mng'ao unaotuama chini, na usipokoroga utapaka vanishi inayong'aa bila kujua.

2. Kunja msasa uwe na ukingo mwembamba, upitishe ndani ya mkwaruzo mara tatu au nne ukifuata nyuzi za mbao. Usitoke nje ya upana wa penseli. Futa vumbi lote.

3. Chovya ncha tu ya brashi na uchore mstari mwembamba ndani ya mkwaruzo.

4. Papo hapo zungushia fulana kwenye kidole, uivute mara moja kukatisha mkwaruzo. Ya juu itaondoka na ya ndani itabaki. Kazi nzima inategemea mkono huu mmoja, kwa hiyo jizoeze kwanza kwenye kipande cha mbao cha ziada.

5. Subiri ikauke, kisha rudia. Vanishi hunywea inapokauka, kwa hiyo mara mbili au tatu ni kawaida. Ya maji huwa tayari kwa tabaka jingine baada ya saa 2 hadi 4; ya mafuta huhitaji saa 8 hadi 24. Kopo lenyewe huandikwa muda wake, na muda huo ndio wa kufuata.

6. Ikishakomaa kwa siku kadhaa, tazama tena kwa tochi. Kama mstari unang'aa kuliko majirani zake, upitishie sponji nyeupe ya kusugulia isiyo na makali, mara chache, kwa kufuata nyuzi.

Kuna jambo la sufu ya chuma. Ile laini kabisa, namba 0000, ni kifaa kizuri, lakini huacha vinyuzi vya chuma visivyoonekana. Chini ya vanishi ya maji vinyuzi hivyo hushika kutu. Kwenye mwaloni, ambao una tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao), chuma kikikutana na unyevu huacha madoa ya bluu iliyokoza hadi nyeusi ndani ya mbao yenyewe. Kwa hiyo kwa vanishi ya maji tumia sponji, na sufu ya chuma iweke kwa ajili ya nta.

Sakafu ya nta, ya mafuta na ya shelaki

Hapa mambo ni mepesi, na ndiyo maana wapo wanaozipenda sakafu hizi ingawa zinataka matunzo ya mara kwa mara. Zinakubali kiraka.

Kwenye nta, chukua kishungi kidogo cha sufu ya chuma namba 0000, kigusishe kwenye nta ngumu ya sakafu, usugue mkwaruzo kwa kufuata nyuzi. Joto la mkono na msuguano huilainisha nta ya zamani ikachanganyika na mpya. Utaona mstari unafifia kingo kwanza, halafu katikati, mpaka unabaki kama kivuli. Acha dakika 10 hadi 15 nta ipoteze mng'ao wa unyevu, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kianze kuteleza chenyewe.

Kwenye mafuta, lainisha kidogo kwa msasa namba 240, futa vumbi, paka mafuta ya aina ileile kwa kitambaa, uache yanywewe kwa dakika 10 au 15. Kisha futa kila kilichobaki juu. Ninasisitiza neno kila: mafuta yaliyoachwa juu hugeuka utando unaonata na kushika vumbi kwa wiki nzima.

Vitambaa ulivyotumia visikunjwe wala kutupwa kwenye ndoo ya taka. Mafuta ya kitani na jamii yake hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimefinyangwa, joto hilo halina pa kwenda. Linapanda mpaka moto unawaka wenyewe, pengine saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Vitandaze kimoja kimoja nje, juu ya kitu kisichoungua, mpaka vikauke vikawa vigumu, au vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike. Tahadhari hii inahusu pia vanishi za mafuta. Nyumba zimeungua kwa kitambaa kimoja, na kuzuia hilo kunachukua nusu dakika.

Shelaki huyeyuka tena kwa spiriti hata baada ya miaka mingi. Lowesha brashi laini kwa spiriti, ikamue mpaka iwe na unyevu tu, kisha ipitishe mara moja juu ya mkwaruzo mdogo. Shelaki ya kingoni inalainika, inatiririka ndani na kujifunga. Usirudi nyuma kwa brashi; pita mara moja, subiri nusu saa, ndipo uamue kama unahitaji kupita tena.

Mkwaruzo uliokata rangi

Mstari unapobaki umepauka hata ukiwa umelowa, unahitaji rangi kabla ya vanishi. Kuna kalamu za rangi za mbao na kuna nta ngumu za kujazia. Za kwanza ni za mstari usio na kina, za pili ni za mfereji unaokwamisha ukucha.

Kosa la kawaida ni kuchagua rangi iliyokoza. Mbao iliyochunwa hunywa wino kuliko unavyotarajia, na mstari uliopauka ukigeuka mweusi unaonekana mara mbili zaidi. Chagua rangi hafifu kuliko unayodhani inafaa. Gusa, futa upesi kwa kidole kilichofungwa kitambaa, tazama, ongeza. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha, kwa sababu taa za usiku huzidanganya rangi za kahawia.

Itazame mbao yenyewe kwa karibu kabla ya kupaka. Ubao wa mtiki au wa mwaloni hauna rangi moja: kuna mistari iliyokoza na kati yake kuna sehemu nyepesi. Mkwaruzo unaokatisha mistari hiyo ukijazwa rangi moja utaonekana kama uzi uliolazwa juu ya sakafu. Nikipata nafasi kama hiyo, naweka rangi nyepesi mkwaruzo mzima, kisha kwa ncha ya kalamu iliyokoza narudishia kila mstari mahali ulipokatika, nukta kwa nukta. Inachukua robo saa kwa mkwaruzo wa sentimita 10. Ukisimama, unautafuta usiuone.

Nta ya kujazia ilainishe kwa kuifinya vidoleni, isukume ndani ya mfereji ukikatisha, kisha kwangua ziada kwa kadi ya plastiki iliyoinamishwa. Usitumie kisu; kitaongeza mkwaruzo wa pili. Malizia kwa kitambaa laini. Lamineti pia hutibiwa hivi, na kazi huishia hapo. Kwenye sakafu ya poliuretani kumbuka kwamba vanishi haitashika juu ya nta hiyo, kwa hiyo itumie pale tu usipokuwa na mpango wa kupaka upya hivi karibuni.

Kuchanganya unga wa mbao na gundi ni njia ya zamani na inaziba vizuri, ila gundi ikikauka hainywi rangi kama mbao, na mara nyingi doa lake hubaki na rangi yake lenyewe. Kwa mikwaruzo midogo sioni sababu ya kuitumia.

Kama tatizo ni kibonyeo, yaani nyuzi zimekandamizwa lakini hazijakatika, mvuke unaweza kuzinyanyua: weka kitambaa chenye unyevu, gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache, ondoa, tazama, rudia. Hilo linafaa kwenye mbao tupu au ya mafuta. Juu ya poliuretani iliyo nzima mvuke hauingii, na joto linaweza kuiacha na ukungu mweupe.

Tiba za jikoni

Kusugua mkwaruzo kwa kiini cha jozi, ile kokwa inayoliwa, hufanya kazi kwa kiasi. Mafuta yake huikoza mbao iliyopauka, na kwenye mkwaruzo mwembamba tofauti inaonekana. Si tiba ya kudumu, lakini haina madhara.

Mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na siki siupendi. Mafuta ya zeituni hayakauki. Yanabaki ndani ya mkwaruzo, yanakusanya vumbi na baadaye yanazuia vanishi kushika. Siki ni tindikali, na ikirudiwarudiwa inafifisha mng'ao. Sakafu inapendeza jioni ile kwa sababu imelowa, kama ile pamba yenye tapentaini ilivyotuonyesha. Dawa ya meno na magadi ni msasa kwa jina jingine, ambao hujui namba yake.

Mikwaruzo ikiwa chumba kizima

Mtu akikuta mikwaruzo mia mbili, kuitibu mmoja mmoja ni kujichosha. Kama yote iko kwenye vanishi, suluhisho ni kupiga msasa wa juu juu na kuweka tabaka moja jipya, ukuta hadi ukuta. Hii ni kazi ya wikiendi moja na haigusi mbao.

Jaribu kwanza kama vanishi mpya itashika. Kwenye pembe iliyojificha, safisha, piga msasa namba 220, paka, uache siku moja. Kisha chora mistari iliyokatizana kwa wembe, bandika tepu, uivute kwa nguvu. Vanishi ikitoka na tepu, kuna nta au silikoni chini, na ukipaka chumba kizima kitabanduka chote. Hapo mkabidhi fundi. Vivyo hivyo kama sakafu ilipakwa kiwandani kwa vanishi yenye oksidi ya alumini: ni ngumu mno, msasa wa kawaida huiteleza, na inahitaji dawa na vifaa maalumu ili tabaka jipya lishike.

Jaribio likifaulu, toa samani zote, safisha kama ilivyoelezwa, kisha piga msasa namba 180 au 220 kwa kufuata nyuzi, kwa mkono mwepesi, mpaka mng'ao ufifie kila mahali sawasawa. Huondoi vanishi, unaichubua tu. Pembe na kandokando ya kuta usizisahau, kwa maana tabaka jipya huanza kubanduka huko. Vaa barakoa. Fyonza vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri nusu saa vumbi lililo hewani litue, futa tena.

Zima kila moto ulio wazi kabla ya kufungua vanishi ya mafuta, hata ule mdogo wa jiko la gesi. Ruhusu hewa ipite, lakini feni isielekezwe sakafuni, italeta vumbi na kukausha kwa mabaka. Anza ukuta ulio mbali na mlango. Paka kwa kufuata urefu wa mbao, vipande vya upana wa mbao tatu au nne, ukihakikisha ukingo uliotangulia bado umelowa unapouunganisha na mpya. Ukiona umeruka mahali na pameanza kukauka, paache. Kurudi na brashi kwenye vanishi iliyoanza kushika huacha mistari ambayo haitaondoka.

Pale ambapo mbao zimegeuka kijivu au nyeusi, vanishi ilikwisha zamani na maji yameingia. Kazi hiyo inahitaji kupigwa msasa mpaka mbao mpya, nje ya mwongozo huu.

Kurudisha chumba

Kavu kwa mguso si sawa na kukomaa. Vanishi ya maji unaweza kuikanyaga kwa soksi baada ya saa 24 hivi. Ya mafuta, subiri hadi saa 48. Zulia lingoje wiki mbili kwa ya maji na karibu siku 30 kwa ya mafuta, maana likifunika mapema linaizuia kukomaa na linaweza kuacha alama. Samani zirudi kwa kubebwa na watu wawili, zisiburutwe.

Kabla ya kuzitua, geuza kila kiti na ubandike felti, yaani vipande vya kitambaa kinene laini, chini ya miguu yote minne, hata ya kiti kisichokaliwa mara kwa mara. Weka mkeka wa kufutia miguu nje ya mlango na mwingine ndani, kwa ajili ya mchanga. Kila baada ya miezi michache geuza viti tena na upapase felti kwa kidole. Ukikuta chembe imezama ndani yake, ing'oe felti nzima na ubandike mpya. Chembe ile ikibaki, mguu wa kiti umegeuka msasa.